Rais Hamsamehi Mahabusu

Tarehe tisa Desemba, katika taarifa ya habari ya saa saba mchana, redio ilisema kwamba Rais amewasamehe wafungwa zaidi ya elfu mbili. Miongoni mwao walikuwamo wazee wa miaka sabini na kuendelea, na wagonjwa ambao jopo la madaktari limethibitisha kuwa hali zao ni mbaya. Nilikuwa natoa kopi za vyeti vya mteja. Nilisimamisha mashine karatasi ikiwa nusu ndani, nikamwomba mteja radhi, nikafunga duka.

Mjomba wangu Kasimiri alikuwa na miaka sabini na minne. Miguu yake ilikuwa imevimba, ukiibonyeza kwa kidole pale palipobonyezwa panabaki shimo. Njiani kwenda gerezani nilipitia vigezo kimoja kimoja kama nilivyovisikia. Umri anao. Ugonjwa anao. Nilifika langoni nikiwa nimeshachagua gari la kumpandisha kwetu Matombo, moja lenye viti laini, kwa sababu barabara ile ingemuumiza.

Kwenye meza ya mapokezi alikuwapo Afande Halidi. Tulifahamiana. Miaka mitatu ya kumpelekea mtu chakula inatosha kufahamiana na askari wote wa zamu.

"Mwandishi," alisema. "Leo si siku ya kuona ndugu."

"Najua, afande. Nimekuja kwa habari ya msamaha. Mzee Kasimiri."

"Hayumo."

"Ana miaka sabini na minne. Cheti chake cha ubatizo kipo parokiani, naweza kukileta kesho asubuhi."

"Hata ungeleta cha miaka mia. Mzee wako ni mahabusu. Rais hamsamehi mahabusu. Anamsamehe mfungwa."

"Kwani tofauti ni nini? Wote si wako ndani?"

"Mfungwa ametiwa hatiani na mahakama. Mzee wako bado hana hatia. Sasa Rais amsamehe nini?" Alicheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha. "Pole, ndugu yangu. Sheria ndivyo ilivyo. Si mimi."

"Kwa hiyo angekuwa na hatia, leo angetoka."

"Hayo umesema wewe."

Wakati tunazungumza walianza kutoka waliosamehewa. Wa tatu kutoka alikuwa mzee mmoja anayetembelea fimbo. Watu waliokuja kumpokea walisema alimkata jirani yake panga kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Sikumchukia. Nilitazama tu viatu vyake, vilikuwa vikubwa kuliko miguu, akivikokota taratibu kuelekea kwa watoto wake waliokuwa wanalia.

*

Kosa la mjomba lilikuwa bangili.

Sisi Waluguru tunahesabu ukoo, tunaouita lukolo, kwa upande wa mama. Ardhi ya mlimani ni ya lukolo, na mkubwa wa lukolo hamrithishi mwanawe, anamrithisha mtoto wa dada yake. Mkubwa wetu akishatawazwa huvishwa bangili ya pembe ya ndovu. Huivaa siku ile na siku za tambiko, zikiisha inarudi kwenye kopo. Haijulikani ni nani aliyeichonga. Ni ya manjano kama jino la mzee, na imepasuka upande mmoja. Mjomba Kasimiri alivishwa na mjomba wake mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la pili.

Kopo hukaa kwenye nyumba ya mwanamke wa lukolo. Mama yetu alipofariki, likabaki kwa dada yangu Filomena, kule juu ya misheni ya Matombo, chumba cha nyuma, nyuma ya magunia ya pilipili manga.

Kulikuwa na tambiko mwaka ule mvua zilipochelewa. Binamu yetu Shukuru, aliyekuja kutoka Dar, alimpiga mjomba picha mkono wenye bangili ukiwa juu, akaituma kwenye kundi letu la ukoo la simu. Kutoka kundi moja picha huenda jingine. Baada ya wiki mbili walifika askari wa wanyamapori. Shukuru alilia sana alipojua, na mimi sikuona faida ya kumwongezea. Na sisi wengine tuliiona picha, tukaandika chini yake, "Hongera mjomba."

Walipekua nyumba ya Filomena. Walikuwa wameshalikamata kopo, na Filomena ameshaambiwa anyooshe mikono, mjomba alipoingia kutoka shambani. Alisema, "Mwacheni huyo. Mtunzaji ni mimi." Wakamfunga yeye pingu.

Dhamana tuliomba Mahakama Kuu. Tulipewa masharti, na moja lilikuwa wadhamini wenye mali isiyohamishika yenye hati. Tuna ardhi ya mlima mzima, migomba na mikarafuu mpaka kwenye msitu, lakini ni ya lukolo, hakuna hati yenye jina la mtu. Tukashindwa. Baada ya hapo ikawa kila baada ya wiki mbili anapelekwa mahakamani, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Miaka mitatu.

*

Duka langu ni la steshenari, karibu na mahakama. Watu huja na shida zao zikiwa kichwani, mimi naziweka kwenye karatasi: barua za maombi, viapo, rufaa. Sheria sikusomea. Nimesoma zile ninazochapa, na Katiba ninayo mezani, imechakaa.

Usiku ule wa Desemba nilisoma Ibara ya 45 nikiweka rula chini ya kila mstari. Inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu yeyote aliyetiwa hatiani na mahakama, kwa kosa lolote, kwa masharti au bila masharti. Anaweza kuifuta adhabu yote, au sehemu, au kuibadilisha iwe nyepesi. Nilitafuta mahali panapomtaja mtuhumiwa. Hapapo. Niliandika kwenye daftari: *yeyote. lolote. aliyetiwa hatiani.* Maneno mawili ya kwanza yalikuwa mlango mpana, la tatu ni kizingiti, na mjomba alikuwa upande wa nje.

Wazo la kumwingiza halikunijia siku hiyo. Lilinijia Februari, daktari wa gereza aliponiambia pembeni kwamba moyo wa mzee umechoka na maji yamepanda mpaka kwenye mapafu. Nilimuuliza muda. Alisema yeye si Mungu, lakini Krismasi nyingine asingeihesabu.

Mwezi Machi, upelelezi ukakamilika. Kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kilifika, maana yake sasa mahakama ingeweza kumsomea mjomba shtaka na kumuuliza kama ni kweli au si kweli. Tarehe ilipangwa: Aprili kumi na nne. Tarehe ishirini na sita ni Muungano, na Muungano nao huwa na msamaha.

Nilichora mstari kwenye daftari. Kumi na nne, anakiri. Siku hiyohiyo anahukumiwa. Ishirini na sita, anasamehewa kama mzee na kama mgonjwa. Siku kumi na mbili. Niliihakiki hesabu ile mara nyingi, sikuona kosa.

Hati mpya ya mashtaka niliichapa nakala mwenyewe. Ilisema Kasimiri "pamoja na wengine ambao bado hawajakamatwa". Nilipita juu ya maneno hayo. Katika hati za mashtaka huwa yapo mara nyingi, kama salamu kwenye barua.

Filomena alipinga.

"Unataka mjomba aseme yeye jangili?"

"Nataka atoke."

"Akitoka na jina la jangili atavaa nini siku ya tambiko?"

"Dada, akifa mahabusu atavaa nini?"

Filomena akaniambia jambo ambalo na lenyewe sikulipa uzito: kwamba alikuwa ameitwa tena kituoni kuandika maelezo, mara ya pili sasa. Wanauliza nyumba ni ya nani. Nilimwambia ni taratibu tu.

*

Kuonana na mahabusu ni dakika kumi, kuna wavu katikati, na pembeni kila mtu anapiga kelele na wake. Nilizitumia dakika zile kumfundisha mjomba kama anayefundishwa katekisimu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mmepanda tangawizi?"

"Tumepanda. Mjomba, tuendelee. Hakimu anakuuliza: Unakubali ulikutwa na kipande cha pembe ya ndovu?"

"Nakubali. Walinikuta."

"Vizuri. Bila kibali?"

"Kibali nilikuwa nacho."

"Hapana, mjomba."

"Nilivishwa na mjomba wangu mbele ya watu wote, na padri alikuwepo, alikula ubwabwa. Unataka kibali gani tena?"

Kijana wa kwenye wavu wa pili, aliyekuja kumwona kaka yake, alicheka. "Mzee, hicho kibali cha ubwabwa mahakamani hakipiti!"

"Nyamaza wewe, hukuwepo," mjomba alimwambia, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alishika wavu kwa vidole vyote kumi hadi kikapita.

"Sema tu 'sikuwa na kibali'," nikasema.

"Haya. Sikuwa nacho."

"Mali hiyo ni ya nani?"

"Ya lukolo."

"Mjomba."

"Sasa Jastin, niseme yangu? Nikisema yangu nimewaibia walio hai na waliokufa. Hata huyo hakimu akinihoji wajomba zangu wanasikia."

"Sema basi ulikuwa unaimiliki. Hawataki zaidi ya hapo."

"Kumiliki si ndiyo yangu?"

Nilimwambia kwamba jibu lolote lenye "lakini" ndani yake, hakimu ataliandika kuwa amekana. Kesi itaanza na mashahidi, mwaka mwingine, na mahabusu hasamehewi. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Aliuliza, "Na mtu akishakiri, kesi inakwisha? Inakwisha kabisa?"

"Inakwisha siku hiyohiyo."

"Hawaendelei kutafuta tafuta?"

"Watafute nini tena? Watakuwa wamepata walichotaka."

"Basi tuendelee kufundishana," alisema.

Nilidhani nimemshawishi.

*

Asubuhi ya Aprili kumi na nne mvua ilikuwa inanyesha, na mlima haukuonekana kabisa. Nilifungua duka mapema ili nichape maombi ya kupunguziwa adhabu: umri, ugonjwa, kosa la kwanza. Janeth, karani wa mahakama, aliingia na mwavuli wake na bahasha ya kutolewa kopi.

"Wewe unayependa mambo ya msamaha," alisema, "hii hapa itakupendeza. Ni tangazo la Desemba, lile kamili. Mheshimiwa ameliomba."

Nililiweka kwenye kioo cha mashine, nikalisoma upande mmoja ukiwa bado mkononi mwangu. Redioni walisoma wanaohusika. Kwenye karatasi kulikuwa na sehemu ya pili: wasiohusika. Unyang'anyi wa kutumia silaha. Ubakaji. Dawa za kulevya. Rushwa. Orodha iliendelea, na karibu na mwisho: kupatikana na nyara za serikali, yaani vitu kama pembe ya ndovu.

"Janeth, hii huwa inabadilika? Kila msamaha?"

"Rais ndiye anayeweka masharti yake. Lakini hicho kipengele mimi nakiona kila mwaka." Alinitazama. "Kuna nini? Jastin, si leo ndiyo kesi ya mzee wako?"

Nilikuwa nimeisoma Katiba kwa rula, mstari kwa mstari, na sikuwa nimeomba kuliona tangazo. Katiba inasema Rais anaweza. Tangazo linasema ametaka. Mimi nilisoma kuweza, nikampeleka mjomba kwa kuweza.

Nilikimbia kwenye mvua. Basi la magereza lilikuwa limeshafika, na mahabusu wameshashushwa. Nilimwomba askari wa mlango wa mahabusu dakika moja. Akasema hakuna kuongea na mshtakiwa kabla ya kesi. Nilimwomba nusu dakika. Alisema, "Mzee, usinitafutie shida." Mimi nina miaka arobaini na mitatu. Sijui alichokiona usoni kwangu.

Filomena alikuwa ameshakaa kwenye benchi ndani, kitambaa chake cha kichwani kikidondosha maji. Nilimnong'oneza. Hakuelewa mara ya kwanza, nikarudia.

"Basi asimame aseme si kweli," alisema.

"Sijaweza kumfikia."

Mjomba aliingizwa akishikwa kwapani na askari. Macho yake yana ukungu. Akiwa kizimbani, sisi kwenye benchi tulikuwa vivuli tu kwake. Nilitikisa kichwa, nikapunga mkono. Askari wa mahakama alininyooshea kidole nitulie.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, anayezungumza taratibu. Alisoma shtaka. Alipofika kwenye "pamoja na wengine ambao bado hawajakamatwa", mwendesha mashtaka alisimama akasema upelelezi dhidi ya hao wengine, akiwemo mwenye nyumba, bado unaendelea. Filomena alinishika mkono. Hapo ndipo maneno niliyoyapita juu yalipokaa vizuri kichwani mwangu.

"Mshtakiwa, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Mzee, kosa hili ni kubwa. Adhabu yake haipungui miaka ishirini. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kuna mtu amekulazimisha kukiri?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekuahidi kitu ukikiri?"

Mvua iligonga mabati. Nilijua kwamba nikinyamaza atafungwa, na nikisema, hakimu ataandika amekana na atarudi kufia kwenye mahabusu. Njia zote mbili zilikwenda mahali pamoja, ila moja ilikuwa na uongo wangu ndani yake. Nikasimama.

"Mheshimiwa, mimi nilimwahidi."

Watu wote waligeuka. Askari alikuja upande wangu, hakimu akamzuia kwa mkono.

"Wewe ni nani?"

"Mpwa wake. Nilimwambia akikiri atasamehewa na Rais tarehe ishirini na sita. Nilikosea, Mheshimiwa. Kosa lake halimo kwenye msamaha. Anakiri kwa sababu yangu."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mzee Kasimiri, umesikia anavyosema mpwa wako?"

"Nimesikia."

"Ni kweli alikuahidi hivyo?"

"Mheshimiwa," mjomba alisema, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa tangu Krismasi, "huyo ni mtoto wa dada yangu. Ana uchungu na mimi. Ameongea kwa uchungu. Msamaha wa Rais naujua mimi, hauhusu bangili. Sikiri kwa ahadi. Nakiri kwa sababu ni kweli."

"Yasome maelezo," hakimu alimwambia mwendesha mashtaka.

Aliyasoma. Siku, nyumba, kopo, uzito wa bangili kwa gramu. Kila alipotua, mjomba aliitikia. Alipoulizwa kama alikuwa na kibali alisema hakuwa nacho. Kisha hakimu akauliza lile nililoliogopa tangu mwanzo, safari hii kwa sababu nyingine.

"Na mali hii ilikuwa ya nani?"

"Yangu," alisema mjomba. "Yangu peke yangu. Niliificha mle bila mwenye nyumba kujua. Andika hivyo, Mheshimiwa. Hakujua."

Filomena alifunika uso kwa kitambaa kile kilicholowa.

Miaka ishirini. Hakimu alipoitamka hakumtazama mtu yeyote.

*

Afande Halidi ndiye aliyesindikiza basi siku hiyo. Alinipa dakika mbili kwenye dirisha la selo ya mahakama, akageuka pembeni.

"Mjomba, ulijua?"

"Tangu Februari. Huyu bwana aliniambia. Nikamwomba asikwambie."

"Alinikataza," Afande Halidi alisema bila kugeuka. "Mtu mzima akikukataza utafanyaje?"

"Ulikuwa unajisomea vizuri," mjomba aliniambia. "Na mimi nilihitaji kufundishwa namna ya kujibu. Ningejikwaa mwenyewe." Alivuta pumzi, moja, ya pili. "Sasa Filomena hawamgusi tena?"

Sikujua. Sheria ya kukiri kwa mmoja inamfanyia nini mwingine, sikuwahi kuisoma. Mwendesha mashtaka alikuwa ametoka bila kusema neno.

"Hawamgusi," nikasema.

"Vizuri."

Tarehe ishirini na sita Filomena alishuka kutoka mlimani kwa gari la kwanza. Nilimwambia asije, akaja. Tulisimama nje ya lango, ng'ambo ya barabara, pamoja na watu waliokuwa na maua ya plastiki na soda. Walitoka wanaume kumi na saba. Tuliwahesabu. Lango lilipofungwa Filomena aliniuliza kama huenda kuna kundi la pili, la mchana. Nilimwambia hakuna. Tukakaa mpaka saa tisa.

Baada ya hapo nilirudi kwenye lile neno pana. Tangazo ni masharti ambayo Rais amejiwekea kwa siku ile; Ibara haijafutwa na tangazo. Yeyote. Lolote. Na sasa mjomba alikuwa ametiwa hatiani, ameshavuka kizingiti. Hakuna sheria inayomzuia mtu kumwandikia Rais barua moja juu ya mtu mmoja. Wala hakuna inayomlazimisha Rais kuisoma.

Nilianza kuichapa. Filomena alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Andika ukweli," alisema. "Andika kopo lilikuwa kwangu, na nilijua, na bangili ni ya lukolo. Rais ni mtu mzima, ataelewa. Atusamehe wote wawili kwa mpigo."

"Wewe hawezi kukusamehe."

"Kwa nini?"

"Hujahukumiwa."

"Kwa hiyo nikisema ukweli nitakamatwa, na Rais hatanisaidia kwa sababu sijafungwa. Na mjomba ataonekana alimdanganya hakimu."

"Ndiyo."

"Na tukiandika uongo?"

"Mjomba anabaki amekiri. Anajutia. Wanapenda mtu anayejuta."

"Anajutia nini, Jastin?"

Kompyuta ilikuwa imewaka, mshale unapepesa mwisho wa mstari. Niliandika kwamba mwombaji anakiri kuwa mali ilikuwa yake binafsi na kwamba anajutia kosa lake kwa dhati. Niliandika umri, nikaambatanisha cheti cha ubatizo na karatasi ya daktari. Filomena alikataa kusaini kama shahidi. Sikumlazimisha. Alitoka akasimama kwenye baraza akiwa amenipa mgongo, na mimi nikaendelea mpaka mwisho, nikasahihisha makosa ya chapa, nikatoa nakala tatu.

Barua ya namna hiyo hupitia kwa mkuu wa gereza. Nilimkuta Afande Halidi mezani. Aliisoma yote, kidole kikifuata mistari.

"Nani alikwambia hizi zinafika?"

"Katiba inasema anaweza."

"Anaweza," alisema. "Kuweza anaweza." Aligonga muhuri kwenye nakala zote tatu, akanirudishia moja. "Inachukua miezi. Mingine inachukua mwaka. Mzee wako jana tumemhamishia zahanati ya ndani, hawezi kulala chini tena, analala amekaa."

"Naweza kumwona?"

"Leo si siku." Alifungua rejista kubwa, akatafuta jina la mjomba, ukurasa wa wafungwa, si ule wa zamani. "Sehemu ya ndugu wa karibu hapa haijajazwa. Nipe namba ya simu. Iwe ya mtu ambaye hazimi simu."

"Ya majibu ya barua?"

Alinipa kalamu na kunigeuzia rejista.

"Ya taarifa yoyote," alisema.

Niliandika namba yangu. Niliisoma tarakimu moja moja kwa sauti, naye akaifuata kwa kidole. Kisha chini yake nikaandika ya Filomena, na hiyo nayo tukaihakiki.